Mapendekezo ya tume za usalama: yapi hutekelezwa, yapi huishia kabatini

Swali: Shikamoo Mwalimu. Ninaandika kutoka Rujewa, Mbarali. Marehemu baba alikuwa mfugaji Usangu, na mwaka 2007 alikwenda kutoa maelezo mbele ya tume iliyochunguza kuondolewa kwa wafugaji Ihefu. Alifariki bila kujua tume ile iliandika nini. Baada ya ghasia zilizotokea siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, imeundwa tume nyingine, na ndugu zangu walioko Mbeya mjini wamegawanyika. Wengine wanaona kutoa ushahidi ni haki yao, wengine wanasema ni kujianika bure. Naomba uniambie ukweli: serikali hufuata mapendekezo ya tume zinazochunguza mambo ya usalama, au tume huundwa ili watu watulie tu?

Jibu: Marahaba, mwanangu, na poleni sana kwa kuondokewa na mzee. Swali hili huulizwa sana na wanafunzi wangu wa sheria hapa Iringa, lakini wewe unaliuliza ukiwa mtoto wa mtu aliyesimama mbele ya tume akasema aliyoyaona. Kwa hiyo nitakujibu kwa kirefu.

Serikali hufuata baadhi, na ukizipanga tume mstari mmoja utaona haraka ni baadhi gani. Pendekezo linaloipa dola chombo kipya, sheria mpya au mtu wa kushtakiwa hutekelezwa, wakati mwingine ndani ya miezi michache. Pendekezo linalopunguza mamlaka ya wenye silaha na wenye ofisi, au linalotaka mtu wa nje awakague, husubiri miaka kumi, ishirini, thelathini. Limetokea kwetu, limetokea Canada, Marekani na Kenya.

Nianze na tume aliyokwenda mzee. Operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu na ardhioevu ya Ihefu ilianza mwaka 2006 ikaendelea hadi 2007. Sababu iliyotolewa ilikuwa maji: Mto Ruaha Mkuu ulikuwa unakauka wakati wa kiangazi mwaka baada ya mwaka, na mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yanategemea mto huo. Sababu hiyo haikuwa ya kubuni. Tatizo lilikuwa namna kazi ilivyofanyika. Yalikuja malalamiko ya ng'ombe kufa wakiwa wamezuiliwa, ya faini zisizoeleweka, ya familia kusafirishwa hadi Lindi bila maandalizi. Rais Jakaya Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Mohamed Chande Othman, kabla hajawa Jaji Mkuu. Tume ikasikiliza watu, ikakabidhi ripoti, na ripoti hiyo haikuwekwa hadharani. Mwaka uliofuata, 2008, Tangazo la Serikali Namba 28 likaliingiza Pori la Akiba la Usangu ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha, na mgogoro wa mipaka na vijiji vya Mbarali ukaendelea kwa miaka mingi. Uamuzi mkubwa kama ule ulipita huku walioguswa hawana mkononi hata ukurasa mmoja wa yale ambayo tume iliyaona kwao.

Sasa tazama kilichotokea baadaye katika ardhi ileile. Mwaka 2017 Benki ya Dunia iliidhinisha dola milioni 150 kwa mradi wa REGROW, wa kukuza utalii katika hifadhi za kusini, Ruaha ikiwamo. Mwaka 2023 wananchi wakapeleka malalamiko kwa jopo la ukaguzi la benki hiyo, wakieleza vitendo vya askari wa hifadhi na hofu ya kuondolewa kwenye makazi yao. Aprili 2024 malipo yakasimamishwa, na Novemba mwaka huohuo mradi ukafutwa. Jopo lile halina polisi, halina mahakama, na kazi yake ni kuihoji benki yenyewe, wala si kuihukumu serikali yetu. Lakini lina mambo mawili ambayo tume ya 2007 haikuwa nayo: kanuni zinazolitaka litoe ripoti yake hadharani, na fedha ambazo mtu anaweza kuzizuia. Sisemi kwamba kufutwa kwa mradi kumemaliza shida za Mbarali. Nasema uchunguzi wenye masharti hayo uligusa jambo ndani ya mwaka mmoja, na ule wa kwanza, ulioongozwa na jaji hodari, hatuwezi hata kuupima.

Hapo ndipo sheria inapoingia. Tume ya Rais huundwa chini ya Sheria ya Tume za Uchunguzi, Sura ya 32. Rais huteua wajumbe, huandika hadidu za rejea, na tume humrudishia yeye ripoti. Sheria inaipa tume uwezo wa kumwita shahidi na kumwapisha. Haimlazimishi Rais kuichapisha ripoti, wala kuijibu, wala kueleza kwa nini pendekezo namba fulani limekataliwa. Ripoti ikishafika Ikulu huchambuliwa, huandaliwa waraka wa Baraza la Mawaziri, kila wizara hutoa maoni yake, kisha hutafutwa fedha na muswada. Kila hatua kati ya hizo ni mahali ambapo pendekezo linaweza kulala, na hakuna atakayeulizwa lililala kwa nani. Ndiyo maana tunasikia kauli kwamba serikali imeyapokea mapendekezo na inayafanyia kazi, na kauli hiyo inaweza kuwa ya kweli kwa miaka kumi mfululizo.

Usichanganye tume ya Rais na kamati ya waziri. Kamati ya waziri haina uwezo huo wa kuapisha wala kulazimisha mtu aje. Tofauti hiyo ilionekana wazi hapa kwetu Iringa, nami nitakaa hapo kidogo kwa sababu ni jambo ambalo watu wa nyanda hizi hawajalisahau.

Septemba 2, 2012, katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, Daudi Mwangosi aliuawa akiwa kazini. Alikuwa mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari ya mkoa wa Iringa, na alikuwa akifuatilia shughuli ya CHADEMA iliyozuiwa na polisi. Bomu la machozi lilifyatuliwa karibu kabisa na mwili wake akiwa amezingirwa na askari, na picha zikaenea nchi nzima. Uchunguzi ukafanywa mara tatu. Waziri wa Mambo ya Ndani aliunda kamati chini ya Jaji mstaafu Stephen Ihema. Baraza la Habari Tanzania pamoja na Jukwaa la Wahariri wakatuma timu yao. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora nayo ikachunguza, ikaeleza kwamba polisi walikiuka haki za binadamu na misingi ya utawala bora. Kwa tukio la dakika chache tulipata karatasi nyingi kuliko mauaji mengi yaliyopata kutokea nchini.

Matokeo? Julai 2016 Mahakama Kuu, hapahapa Iringa, ilimtia hatiani askari mmoja wa cheo cha chini kwa kuua bila kukusudia na kumfunga miaka 15. Hukumu hiyo naiheshimu, kwa sababu kesi za namna hiyo dhidi ya askari ni chache. Lakini hakuna aliye juu yake aliyepanda kizimbani, na maswali ambayo ripoti zile ziliyagusa (nani aliamuru nguvu itumike, kwa nini shughuli ya chama inazuiwa huku na kuruhusiwa kule, polisi watawajibika kwa nani zaidi ya wakubwa wao wenyewe) hayakuwa ya mahakama ile kuyajibu. Yalikuwa ya serikali. Kulipatikana mtu wa kufungwa, mfumo ukabaki ulivyokuwa.

Miaka sita kabla ya kifo cha Mwangosi lilitokea jambo lenye sura hiyohiyo. Januari 2006 wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge, pamoja na dereva teksi, walipigwa risasi na polisi katika msitu wa Pande, Dar es Salaam, na umma ukaambiwa kwamba wameuawa majambazi. Rais Kikwete akaunda tume chini ya Jaji Kipenka Musa. Tume ilifanya kazi kwa haraka, ikabaini kwamba waliouawa hawakuwa majambazi, na askari kadhaa pamoja na ofisa mwandamizi wakafikishwa mahakamani. Mwaka 2009 Mahakama Kuu iliwaachia wote. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilimtia hatiani mmoja tu. Familia za Mahenge zilipata jambo moja kubwa kutoka kwa tume, nalo ni majina ya wapendwa wao kusafishwa. Hilo si dogo kwa mama aliyeambiwa redioni kwamba mwanawe ni jambazi. Lakini tume si mahakama, na kinachotosha kumshawishi jaji aliyekaa kama mwenyekiti wa tume hakitoshi kumshawishi jaji aliyekaa mahakamani, ambako kila shaka ya msingi humnufaisha mshtakiwa.

Kama kuna tukio la kwetu linaloonyesha nguvu ya kusoma ripoti hadharani, ni Operesheni Tokomeza. Ilikuwa ya kupambana na ujangili, ikiwashirikisha wanajeshi, polisi na askari wa wanyamapori, na ilisimamishwa Novemba 2013 baada ya wabunge kusimulia mateso, vifo na mifugo iliyouawa. Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira chini ya James Lembeli ikachunguza, na Desemba 20, 2013 ripoti ikasomwa bungeni mbele ya nchi nzima. Kabla ya siku kwisha, mawaziri wanne walikuwa wamepoteza nafasi zao: Maliasili, Mambo ya Ndani, Ulinzi na Mifugo. Hakukuwa na nafasi ya kuchambua kwa miezi kadhaa, kwa sababu kila mtu alikuwa amekwisha kusikia. Baadaye Rais aliunda tume ya kisheria chini ya Jaji Hamisi Msumi, ikakabidhi ripoti mwaka 2015, na hiyo haikutikisa kitu kwa kiwango kile. Ninaamini sababu kubwa ni kwamba ya kwanza ilisomwa kwa sauti na ya pili ilikabidhiwa.

Hata hivyo, mfano ninaorudia zaidi darasani ni Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, iliyoundwa na Rais Ali Hassan Mwinyi mwaka 1991. Watu wanaikumbuka kwa vyama vingi. Takribani asilimia 80 ya waliohojiwa walitaka chama kimoja kiendelee, asilimia 20 hivi wakataka mageuzi, na tume ikapendekeza vyama vingi. Serikali ikakubali, na Julai 1992 nchi ikawa ya vyama vingi kisheria. Wengi hawakumbuki kwamba tume ileile iliorodhesha sheria 40 za kufutwa au kurekebishwa kwa sababu zinabana haki, na nyingi kati ya hizo zilikuwa sheria za usalama. Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini ya 1962, inayomruhusu Rais kumweka mtu ndani bila kesi, ilikuwamo. Bado imo katika vitabu vyetu, Sura ya 361.

Kwenye orodha ile zilikuwamo pia sheria za 1962 zilizowapa wakuu wa mikoa na wa wilaya uwezo wa kuamuru mtu akamatwe. Mwaka 1997 ikaja Sheria ya Tawala za Mikoa, na ndani yake uwezo uleule ukaendelea: mkuu wa mkoa na mkuu wa wilaya wanaweza kuamuru mtu awekwe ndani hadi saa 48. Ukikaa Mbeya au Njombe umeshasikia mtendaji wa kijiji, mwalimu au mwananchi aliyeuliza swali mkutanoni akiwekwa ndani kwa amri ya namna hiyo. Januari 2023 Rais Samia Suluhu Hassan akazindua tume ya kuboresha taasisi za haki jinai. Mwenyekiti alikuwa Jaji Mkuu mstaafu Chande Othman, yuleyule wa Ihefu. Ripoti ilikabidhiwa Julai mwaka huo, ikagusa mageuzi makubwa ya Jeshi la Polisi na upelelezi, na mamlaka yale ya wakuu wa mikoa na wilaya kukamata watu yakarudi mezani. Zaidi ya miaka 30 baada ya Nyalali, tume nyingine ya Rais ilikuwa inaandika juu ya jambo lilelile. Jaji wa pili alilazimika kuandika tena kwa sababu wa kwanza, Nyalali, hakusikilizwa katika hilo, ingawa serikali ilikuwa imetekeleza nusu inayokumbukwa zaidi ya ripoti yake. Nusu iliyotekelezwa ilibadili jina la ushindani wa kisiasa. Nusu iliyobaki ingepunguza mkono wa dola.

Usidhani wenzetu wenye fedha nyingi wako mbali sana na hapo. Canada iliunda tume ya Jaji McDonald mwaka 1977 baada ya kubainika kwamba kitengo cha usalama cha polisi wake kilikuwa kikivunja sheria. Pendekezo la kuunda idara mpya ya ujasusi ya kiraia lilitekelezwa mwaka 1984. Mwaka 2002 Maher Arar, raia wa Canada mzaliwa wa Syria, alikamatwa uwanja wa ndege wa New York akapelekwa Syria, akafungwa karibu mwaka mzima na kuteswa, kutokana na taarifa zenye makosa zilizotoka kwa polisi wa nchi yake. Tume ya Jaji Dennis O'Connor ilitoa ripoti zake mwaka 2006. Januari 2007 Waziri Mkuu Stephen Harper aliomba radhi rasmi na serikali ikamlipa Arar dola milioni 10.5 za Canada. Hapo serikali ilikwenda haraka, na inastahili sifa. Lakini ripoti ya pili ya O'Connor ilitaka vyombo vyote vya usalama vikaguliwe na chombo huru kinachoweza kufuata jambo kutoka idara moja hadi nyingine. Chombo kimoja cha namna hiyo kilikuja kuanzishwa mwaka 2019. Kulipa fidia kulichukua miezi, kukubali kukaguliwa kukachukua miaka 13.

Marekani vivyo hivyo. Tume ya mashambulio ya Septemba 11 ilitoa mapendekezo 41 Julai 2004. Desemba mwaka huohuo sheria ilipita na kukawa na mkurugenzi mmoja wa kuratibu ujasusi wote. Pendekezo la Bunge lao kujipanga upya ili lisimamie vyombo hivyo kwa nguvu zaidi ndilo lililokwama. Wajumbe wa tume ile walifanya jambo ambalo ningetamani tulione hapa: muda wao kisheria ulipokwisha hawakwenda nyumbani. Walichangisha fedha, wakaendelea kufuatilia, na Desemba 2005 wakaipa serikali alama, pendekezo moja baada ya jingine, kama mwalimu anavyosahihisha mtihani. Zilikuwamo F nyingi.

Majirani zetu Kenya walikwenda mbali zaidi. Jaji Philip Waki alipochunguza ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, alijua historia ya ripoti za tume katika nchi yake. Oktoba 2008 alitoa ripoti yake, na majina ya watuhumiwa wakuu akayaweka katika bahasha iliyofungwa, akamkabidhi Kofi Annan. Sharti lilikuwa kwamba serikali isipounda mahakama maalumu, bahasha iende Mahakama ya Kimataifa ya Jinai. Bunge lilikataa mswada wa mahakama hiyo Februari 2009. Julai bahasha ikaenda. Kesi zile hazikumtia mtu hatiani kwa ghasia zenyewe, kwa hiyo siitoi Kenya kama mfano wa ushindi. Naitoa kwa sababu Waki aliandika ndani ya ripoti kitakachotokea ripoti ikipuuzwa. Sijaona tume nyingine Afrika Mashariki iliyofanya hivyo.

Sasa, kwa nini mambo huenda hivi? Watu husema ni nia mbovu, na mara nyingine ni kweli, lakini nia si maelezo yanayotosha. Pendekezo la kuunda chombo kipya lina watu wanaolitaka: kuna vyeo, bajeti, majengo, magari. Pendekezo la kupunguza mamlaka ya mkuu wa wilaya halina mtu yeyote ndani ya serikali atakayeamka asubuhi akilipigania. Tena anayetakiwa kulitekeleza mara nyingi ndiye anayepunguziwa. Polisi hukabidhiwa pendekezo la polisi kukaguliwa, na wizara inayowategemea polisi hutakiwa kuandika muswada. Wewe ni mtoto wa mfugaji: pendekezo lisilo na mwenyewe ni ng'ombe asiye na chapa, akipotea hakuna anayemtafuta. Uingereza, baada ya bomu la Manchester lililoua watu 22 Mei 2017, mtu aliyesimamia sheria ya kuzilazimisha kumbi na viwanja vya burudani viwe na mipango ya ulinzi alikuwa Figen Murray, mama wa kijana aliyeuawa pale. Alitembea kwa miguu kutoka Manchester hadi London kuidai. Sheria ilipita Aprili 2025. Uchunguzi rasmi uliunga mkono hoja hiyo, lakini ni mama yule aliyeifanya isisahaulike, waziri baada ya waziri.

Namna pendekezo lilivyoandikwa nayo ina uzito. Ukipata ripoti ya tume yoyote, nenda moja kwa moja kwenye sura ya mapendekezo uangalie vitenzi. "Serikali iangalie uwezekano wa", "elimu itolewe", "ushirikiano uimarishwe": hayo hayawezi kushindwa kutekelezwa, kwa sababu semina moja Dodoma inatosha kuyatimiza. Pendekezo la kweli husema kifungu fulani cha sheria fulani kifutwe, waziri fulani apeleke muswada kabla ya tarehe fulani, na taarifa isomwe bungeni. Nikisoma ripoti isiyo na wizara wala tarehe, huwa najua mwisho wake kabla sijafunga jalada.

Turudi kwa ndugu zako. Tume ya Novemba 2025 ina wajumbe wanane, chini ya Jaji Chande Othman, na ndani yake wamo Jaji Mkuu mstaafu Ibrahim Juma, Balozi Ombeni Sefue na IGP mstaafu Said Mwema. Wako wanaoiona kuwa ya watu walioitumikia serikali maisha yao yote, na wasiwasi huo ni halali, hasa pale wanaochunguzwa ni vyombo vya serikali hiyohiyo. Mimi bado naona aliyeumia au aliyepoteza mtu wake, kama anaweza kueleza bila kuhatarisha maisha yake, aweke maneno yake kwenye kumbukumbu. Wafu wa Pande walisafishwa kwa sababu watu walisema. Uamuzi huo lakini ni wa mtu mwenyewe na familia yake, na asiyekwenda kwa hofu asilaumiwe na ndugu yeyote.

Atakayetoa maelezo, popote yatakapotolewa, ayatoe kwa maandishi, yenye tarehe, mahali na saa, na abaki na nakala iliyosainiwa. Kama ana PF3 (fomu ya polisi ya majeruhi), kadi ya hospitali, picha au kibali cha mazishi, atoe vivuli na abaki na nyaraka halisi. Sisemi hivyo kwa kumdhania mtu yeyote ubaya. Miaka kumi ikipita wajumbe watakuwa wametawanyika, na ushahidi utakaobaki ni ule uliomo ndani ya nyumba yako. Nenda na wakili ikiwezekana. Chama cha Mawakili wa Tanganyika na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu wanajua njia za kusaidia wasio na uwezo.

Jambo ambalo naomba uwaeleze ndugu zako hata kama watasahau mengine yote: kutoa ushahidi mbele ya tume si kufungua kesi, na hakusimamishi kuhesabiwa kwa muda wa kesi. Mtu anayetaka kudai fidia dhidi ya serikali kwa kupigwa, kujeruhiwa au kuwekwa ndani isivyo halali ana miaka mitatu tangu jambo lilipotokea, na kabla ya kwenda mahakamani lazima atoe notisi ya siku 90 kwa serikali. Nimeona watu wakisubiri ripoti kwa heshima na subira, na waliposhtuka muda wao ulikuwa umekwisha. Kwa aliyefiwa katika mazingira yenye utata, kuna Sheria ya Uchunguzi wa Vifo, Sura ya 24, na familia inaweza kuomba uchunguzi wa kifo ufanyike mbele ya hakimu.

Kuna pia mlango wa Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, na huu watu wa huku hawautumii vya kutosha. Mapendekezo ya tume hii ya kudumu yana nguvu ambayo mapendekezo ya tume za Rais hayana. Mwaka 2001 wananchi wa Nyamuma, Serengeti, waliondolewa na nyumba zao kuchomwa. Tume hiyo ikachunguza, ikaona haki zao zimevunjwa na ikapendekeza walipwe fidia, serikali ikakataa. Wanaharakati wakaipeleka serikali mahakamani, na Mahakama ya Rufani ikakubali kwamba utekelezaji wa mapendekezo ya tume hiyo unaweza kudaiwa mahakamani. Safari ya wale wananchi ilikuwa ndefu na ya kuchosha, ila waliifungulia njia kila familia iliyofuata.

Kuhusu ripoti aliyoichangia mzee: Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2016 inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa taasisi ya umma na kujibiwa ndani ya siku 30. Inaruhusu kukataliwa kwa sababu za usalama wa taifa, na wanaweza kukujibu hivyo. Omba hata hivyo, kwa barua, wewe na familia nyingine zilizohojiwa, na mkikataliwa mtakuwa na kukataliwa kwa maandishi, ambako kunaweza kupingwa. Sioni usalama gani wa taifa utakaodhurika leo kwa wananchi wa Mbarali kusoma yaliyoandikwa mwaka 2007 kuhusu ng'ombe, faini na malori. Peleka nakala ya barua hiyo kwa mbunge wenu, na mwombe aulize bungeni maswali mawili kwa pamoja: ripoti ya Ihefu itachapishwa lini, na ripoti ya tume ya Oktoba 29 itajadiliwa na Bunge katika mkutano upi. Aulize kwa swali la msingi, kwa sababu hilo hujibiwa na waziri na jibu huingia kwenye taarifa rasmi za Bunge.